Kadhi wa Pili wa Chole

Watu wa Mafia walimwita Kadhi wa Pili, na wala hawakuwa wakimsifu. Wa pili kwa sababu kwake huanzi. Unaanza kwa kadhi wa kijijini kwako, unasema lako, unashindwa, unarudi nyumbani umevimba shingo. Ndipo unapofunga mkate wako kwenye kitambaa, unashuka mpaka Utende, unavushwa kwa kidau hadi Chole, unabisha hodi kwa Hamoud bin Awadh. Yeye kazi yake ilikuwa kuisikiliza kesi upya. Akiona aliyekuhukumu kakosea, hukumu inatenguka. Akiona yuko sawa, basi, kalale.

Kazi hiyo alipewa na Wajerumani, miaka ile ya mwanzo walipoingia Chole na kupandisha bendera yao. Walikuwa wamechoka na watu kujazana mlangoni pa boma kila asubuhi, huyu anapiga kelele kwamba kadhi wa kwao kahongwa mbuzi, yule anasema kadhi wa kwao kiziwi. Wakauliza, nani hapa kasoma sheria na hana maneno mengi? Wakaonyeshwa Hamoud. Baba yake Mmanga, mama yake wa hapahapa kisiwani, mwenyewe kasoma Unguja mpaka macho yakawa mekundu. Alikuwa mtu mzima, lakini ndevu bado nyeusi tii.

Hakuruka kwa furaha. Alijua anachopewa. Kadhi wa kawaida kwa kila kesi anajipatia adui mmoja, yule aliyeshindwa. Kadhi wa pili akitengua anajipatia wawili, aliyeshindwa na kadhi mwenzake aliyevuliwa nguo mbele za watu. Piga hesabu mwenyewe kwa mtu aliyeifanya kazi hiyo mpaka ndevu zikageuka pamba.

Ndiyo maana akajiwekea desturi zake, na hizo hakuna aliyempa.

Kwanza, hakula kitu cha mwenye kesi. Si kabla ya kesi, si baada. Hata dafu. Kuna mtu wa Kanga alishinda kesi, ikapita miaka mingi, akamletea samaki mmoja tu, changu, Hamoud akamwambia mrudishe kwa watoto wako. Mtu akaudhika, akasema kwani kesi si ilikwisha? Hamoud akamjibu kwamba ng'ombe wako anaweza kuingia shamba la jirani kesho, na mimi nitakuwa bado naikumbuka ladha ya changu.

Pili, hakuamulia barazani kwake. Kesi ikiwa ya shamba, anakwenda kwenye shamba. Alikuwa na punda wake mweupe amemweka Utende kwa ndugu, anampanda anakwenda mpaka mwisho wa kisiwa.

Na la tatu ndilo kubwa. Hakumtengua mtu nyuma ya mgongo wake. Yule kadhi wa kwanza alikuwa anaitwa, anakaa naye mkeka mmoja, bega kwa bega, wanasikiliza pamoja. Halafu kabla Hamoud hajatoa neno lake, anamgeukia anamuuliza: "Una la kuongeza, au la kupunguza?" Wengi walipunguza. Walikuwa wanasikia mashahidi kama yeye, wanaona wenyewe walipoteleza, wanasema, nairudisha kauli yangu. Hapo inakuwa hakuna aliyetenguliwa. Kadhi kajirudi mwenyewe, anaondoka na kilemba chake kimekaa sawa.

Basi miaka ikaenda hivyo. Akazeeka na kazi yake. Alikuwa na mke, Biubwa, na mtoto mmoja tu aliyepona, binti, Thuwaiba. Na alikuwa na mwanafunzi, Muhidini, mtoto wa mvuvi wa Kanga, kichwa kama wembe. Unamfundisha leo mlango mmoja wa sheria, kesho anakuja na maswali ya mlango wa pili. Kasoro yake damu yake ilichemka upesi. Hamoud aliona, akasema ukubwa utampoza. Akamwoza Thuwaiba. Muhidini alipowekwa kuwa kadhi wa Kanga, yule mzee kwa mara ya kwanza watu walimwona anatembea Chole anajichekea peke yake.

Ukubwa haukumpoza. Maana Kanga watu wana midomo. Akihukumu vizuri, wanasema hiyo ni akili ya mkwe wake. Akihukumu vibaya, wanasema ngoja mkwe asikie. Kila siku, kwenye kahawa, kwenye bao, msikitini wakivaa viatu. Na yeye kila neno lilikuwa linamwingia.

Ndipo ikaja kesi ya Bweni.

Bweni ni kule juu kabisa, njia inachoka kabla hujafika. Alikuwako mjane anaitwa Mwanaharusi binti Matano. Mumewe, Mungu amrehemu, alipewa nafasi ya kupanda minazi kwenye shamba la tajiri mmoja, kwa yale makubaliano ya kisiwa hiki tangu zamani, ardhi yangu, mnazi wako. Watu wanaishi hivyo bila taabu. Mtu ana mnazi katikati ya shamba la mwenzake, na mjukuu wake anakuja kuangua bila kumwuliza mtu. Marehemu akapanda minazi minne, lakini hakupanda siku moja. Alipanda kila mkewe alipojifungua. Kitovu cha mtoto kikidondoka, kinafukiwa kwenye shimo, mche unakaa juu yake. Mnazi wa mtoto huyo ndio huo.

Kisha ndui ikapita Bweni. Ikawachukua watoto wote wanne, na baba yao akafuata. Mwanaharusi akabaki na minazi. Kila mmoja aliujua kwa jina la mwanawe.

Tajiri naye akafa, shamba likarithiwa na mwanawe, Mbaraka. Huyu aliona mbata inauzika vizuri, akaona minazi minne imesimama shambani kwake inamzalia mtu mwingine. Akasema yule marehemu alikuwa kibarua wa baba, alipanda kwa ujira, akalipwa, kwa hiyo minazi ni ya shamba. Asubuhi moja Mwanaharusi alikuta mkwezi yuko juu ya mnazi wa mwanawe wa kwanza anaangusha mikungu. Hakugombana na mkwezi. Alikwenda moja kwa moja Kanga kwa Muhidini.

Muhidini akamwambia alete mashahidi. Alikuwa nao, Shaibu na Iddi, waliochimba mashimo pamoja na marehemu. Lakini walikuwa dago, kule visiwa vidogo wavuvi wanakopiga kambi, na mtu wa dago harudi mpaka mwezi umalizike. Mwanaharusi akaomba asubiriwe. Kadhi yeyote angesubiri. Muhidini siku hiyo baraza limejaa, watu wanamtazama, wanataka waone kama anaweza kukata kesi bila kumwuliza mzee wa Chole. Akaikata. Akamwapisha Mbaraka, Mbaraka akaapa wala hakupepesa jicho, minazi ikawa yake.

Mwanaharusi hakulia. Alikaza kanga yake akasema, "Alhamdulillahi. Mimi nakwenda Chole."

Mtu mmoja kwenye kona akamwambia Muhidini, "Haya mwalimu, shika ubao wako, mkwe anakuja kukusahihishia."

Baraza zima likacheka. Na Muhidini akasimama, kikombe cha kahawa mkononi, akasema, "Hukumu yangu hii ikitenguliwa, mke wangu ameachika. Talaka tatu."

Kicheko kikakatika palepale. Mtu mzima huyo, kasoma, anajua talaka ya kufunga na sharti ikoje, anajua sharti likitimia hakuna cha nilikuwa natania. Anaitupa nyumba yake kwenye kicheko cha mtu wa kona! Na mwenyewe Thuwaiba alikuwa ndani, nyuma ya pazia, anakuna nazi ya mchuzi wa mchana. Alisikia yote.

Habari ilifika Chole kabla ya mjane. Hamoud alikuwa anatia udhu. Walipomwambia akaendelea kunawa, akanawa mguu uleule mara nyingi kuliko inavyotakiwa, mpaka Biubwa akaja akamchukulia birika.

Siku mbili zilizofuata watu wa Chole walimjia kwa zamu. Mmoja akamshauri akatae kesi. Hilo alikwisha kulifikiria mwenyewe. Alikwenda kwa liwali akamwomba mtu mwingine aisikilize, kwa sababu imemgusa mwanawe. Liwali akasema mtu mwingine hakuna, labda ipelekwe bomani. Na bomani kila mtu alijua mambo yalivyo. Bwana mkubwa anasikiliza kwa mkalimani, kiboko kiko mezani, anataka kesi iishe kabla ya chakula. Mjane wa Bweni pale asingemaliza hata salamu. Wa pili akamwambia, aa, sheikh, si useme tu Muhidini alifuata sheria? Shahidi hayupo, aliyedaiwa kaapa, kwisha. Minazi yenyewe minne. Hata Biubwa, ambaye maisha yao yote hakutia mdomo kwenye kesi, alimwekea sahani mbele yake akasema, "Baba Thuwaiba, minazi inaota mingine."

Lakini Hamoud alikuwa ameshamwona Mwanaharusi. Mjane alifika, akakaa ukingoni mwa mkeka, akasema yake kwa ufupi, mwisho akasema: "Watoto wangu makaburi yao hayajulikani, Bwana Kadhi. Walizikwa pamoja, wakati ule wa ndui, shimo moja na watu wengine. Pale kwenye minazi ndipo walipo." Habari ya talaka alikuwa ameisikia njiani, uso wake ulionyesha, lakini hakuitaja. Na hilo la kutoitaja lilimkaa Hamoud kifuani kuliko maneno yote.

Wale wavuvi waliporudi kutoka dago, akapanda punda wake akaenda.

Njia ya Bweni inapita Kanga. Siku zote akipita alikuwa analala kwa binti yake. Safari hii alilala msikitini, kichwa juu ya kilemba. Asubuhi, baada ya jua kuchomoza, Thuwaiba akaja na bakuli la uji, akasimama nje karibu na kisima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akamnyooshea bakuli. Hamoud akalitazama, hakulipokea. Uji ule umetoka nyumba ya Muhidini, na hukumu ya Muhidini ndiyo inayokwenda kusikilizwa.

Thuwaiba akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Uji wa mwanao nao ni rushwa?"

"Weka chini, mama. Nitakunywa nikirudi."

Akaliweka chini. Wanawake waliokuja kuteka maji wakaona hali, wakageuza na ndoo zao. Thuwaiba akamwambia kwamba Muhidini halali, anaamka anakaa ukingoni mwa kitanda, anafungua vitabu anafunga. Akamwambia hampigi, hamtukani, hajawahi, ni mume mzuri ila ulimi. Hakusema, baba, niokoe. Hamoud alikuwa anangoja aseme, na alikuwa anaogopa akisema atafanya nini.

Badala yake akauliza, "Baba, ingekuwa mke wa mtu mwingine, ungefanyaje?"

Mzee akafikiri. "Ningekwenda kutazama minazi."

"Basi nenda katazame minazi."

Akaokota bakuli lake akaondoka. Alitembea taratibu ili uji usimwagike, na Hamoud akamtazama mgongo mpaka akapotea nyuma ya ua wa makuti.

Bweni walikuwa wamejaa. Kanga nzima ilihamia huko siku hiyo, na hawakuja kwa ajili ya minazi. Mkeka ukatandikwa shambani kwa Mbaraka, mbele ya minazi ile minne. Muhidini akaja, akambusu mkwe wake mkono kama kawaida, akakaa bega kwa bega naye.

Shaibu akasimama. Akasema shimo la kwanza alilichimba yeye, na Iddi la pili, na siku hiyo ya kwanza baba yake Mbaraka alikuwapo. Yeye mwenyewe tajiri ndiye aliyeushika mche wakati marehemu anafukia kitovu, akamwambia marehemu, huu sasa ni wa mwanao, mimi nina ardhi tu. Iddi akasimama akasema vilevile kwa maneno yake, akaongeza kwamba tajiri aliwatilia tende mkononi kwa furaha ya mtoto.

Hamoud akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye mnazi wa kwanza, akaupapasa shina kama mtu anayempapasa mnyama. Akamgeukia Mbaraka.

"Wewe una watoto?"

"Ninao, sheikh."

"Vitovu vyao umevifukia wapi?"

Mbaraka akaonyesha upande wa nyumba yake.

"Kwa nini hukuvifukia kwenye shamba la mtu?"

Mbaraka akatazama chini. Kwa kidole cha mguu akawa anachimba mchanga. Mwisho akasema, kwa sauti ambayo walioko nyuma hawakuisikia, kwamba yeye aliapa kwa alivyodhani. Lakini walioko mbele walisikia, na Muhidini alikuwa mbele.

Mzee akarudi mkekani akakaa. Ikafika ile saa yake. Akamgeukia mkwewe, na watu wote wakainama mbele kama upepo umewasukuma.

"Una la kuongeza, au la kupunguza?"

Muhidini alijua. Kila mtu alijua. Alitakiwa aseme tu, nairudisha kauli yangu, hukumu ikawa imerudi kwa mwenyewe, hakuna aliyemtengua, na mkewe anamngoja nyumbani. Midomo yake ikafunguka. Huku nyuma, yule mtu wa kona ya baraza, yuleyule, mwanaharamu yule, akakohoa kidogo. Hakucheka hata, alikohoa tu. Na Muhidini akafunga mdomo.

"Niliyosema nimesema."

Sasa Hamoud, kwa miaka yake yote, hakupata kumwuliza kadhi swali lile mara mbili. Ukimwuliza mara mbili unambembeleza, na kumbembeleza hakimu ni kumvunjia heshima. Siku ile akamwuliza mara ya pili. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwenye mafua. "Muhidini, mwanangu. Una la kupunguza?"

Kijana machozi yalikuwa yanamtoka, jamani. Yanatiririka kwenye ndevu. Na bado akatikisa kichwa. Kiburi kikishamkaa mtu kooni hata chozi halikishushi.

Hamoud akatoa hukumu yake kwa maneno machache. Minazi minne ni ya Mwanaharusi, kiapo cha Mbaraka kimeangushwa na mashahidi, hukumu ya kwanza imetenguliwa. Hakuna aliyeondoka. Mtu mmoja mzee ndiye aliyethubutu kuuliza, na ile kauli nyingine je? Hamoud alikuwa ameshaanza kukunja mkeka. Akasema, "Imetimia," akaendelea kukunja.

Waliporudi Kanga, Thuwaiba alikuwa amekaa kizingitini, sanduku lake limefungwa kamba. Hakuna aliyetangulia kumwambia. Alikuwa amelifunga tangu asubuhi, alipotoka kisimani. Hamoud akampandisha kwenye punda, yeye akashika kamba, akatembea kwa miguu njia yote mpaka Utende, mzee yule na magoti yake. Uji ule hakuna aliyeukumbuka.

Biubwa hakusema naye mwezi mzima wa Ramadhani. Alimpakulia, akamwekea, akaondoka. Watu wa Chole wakasema ana roho ya jiwe, wengine wakasema ndiyo haki hiyo, lakini wote walipunguza kuja kukaa barazani kwake. Muhidini aliacha ukadhi, akarudi kwenye chombo cha baba yake. Baadaye akatuma wazee. Wakaja na ile hila inayojulikana, Thuwaiba aolewe na mtu kwa siku chache, aachwe, kisha arudi kwa Muhidini kihalali. Mtu wa kumwoa ameshapatikana, wakasema. Hamoud akawaambia wamwulize mwenyewe. Thuwaiba akawajibu kutoka ndani, "Mimi si mtumbwi wa kuazimwa."

Basi. Akakaa kwa baba yake. Akamsomea vitabu macho ya mzee yalipofifia, akamwandikia hukumu zake, na watu wakaanza kusema kimyakimya kwamba siku hizi ukibisha hodi kwa Kadhi wa Pili unasikilizwa na wawili. Kuhusu siku ile ya Bweni, baba na binti hawakuizungumza kamwe.

Mwanaharusi naye kila mavuno alikuwa anatuma nazi. Mkungu mmoja, kutoka mnazi wa kwanza. Kila mwaka zinafika mlangoni, kila mwaka Hamoud anasema zirudishwe, na Thuwaiba ndiye anayetoka kusema hapana, ahsante. Mzee hakupata kuzigusa.

Boma likahamia Kilindoni, Chole ikabaki na majumba na popo. Kisha Waingereza wakateremka kisiwani na mizinga yao, na katika msukosuko ule, wala si kwa risasi, kwa homa tu, Hamoud bin Awadh akafariki kitandani kwake.

Siku ya mazishi alitokea mwanamke mzee kutoka Bweni. Alitembea kisiwa kizima, akavuka, amejitwika mkungu wa nazi. Wanaume walioko mlangoni wakamzuia, wakamwambia mama, unajua desturi ya nyumba hii. Muhidini alikuwa miongoni mwao, ametoka kubeba jeneza, mchanga bado uko mikononi. Alisogea tu kando, mlango ukawa wazi.

Thuwaiba akatoka, amefungwa kilemba cha kufiwa. Wakatazamana, wanawake hao wawili, na ilikuwa mara ya kwanza kuonana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Najua hamli vitu vyangu."

"Alikuwa hali yeye, kwa sababu ni hakimu," Thuwaiba akasema. "Leo si hakimu tena."

Akaupokea mkungu kwa mikono miwili, akaingia nao uani kulikokuwa na masufuria ya wafiwa. Wanawake wakamwambia mfiwa hapiki, kaa, tutakuna sisi. Akawaambia hizi nitakuna mwenyewe. Akavuta mbuzi ya kukunia, akakaa, akaipasua nazi ya kwanza, maji yake akayanywa. Kisha akaanza kukuna, na Mwanaharusi akakaa chini kando yake, akamshikia chombo.